Nani Apewe Maneno?

Kugawa mali ni kazi ngumu, lakini kugawa maneno ni kazi ngumu zaidi. Mali ikigawanywa vibaya, aliyenyimwa huona mkono wake ni mtupu, akalalamika. Maneno yakigawanywa vibaya, aliyenyimwa hukosa hata kinywa cha kulalamikia. Msomaji wangu, nataka tufikirie pamoja swali moja: mtu aliyepewa mamlaka ya kuamua nani aseme na nani anyamaze ana wajibu gani kwa wale anaowaamuru? Swali hili nililipata mahali ambapo sikutazamia kupata swali lolote la maana. Nililipata katika mchezo wa kompyuta.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinionyesha mchezo uitwao Total Extreme Wrestling, uliobuniwa na Mwingereza Adam Ryland. Katika mchezo huo mchezaji hapigani mieleka wala haoni watu wakipigana. Mbele yake mna majina, maandishi na tarakimu. Yeye ni msimamizi wa kampuni: huajiri wanamieleka, huwalipa mishahara, hupanga nani akutane na nani, na huamua mapema nani atashinda. Zaidi ya hayo, hupanga vipande vya maneno baina ya mapambano: huyu aingie ulingoni ajigambe, yule amkatize, wa tatu atishe, wa nne asimame kimya akitukanwa. Kila kipande hupewa dakika zake, na baada ya onyesho hupewa alama.

Kabla hujacheka, kumbuka kuwa mieleka ya namna hii si mashindano kama mbio au kandanda. Ni maonyesho. Mnamo 1989 kampuni kubwa ya mieleka nchini Marekani ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kuwa kazi yake ni kuburudisha, kwa kuwa ilitaka kuepukana na sheria zinazosimamia michezo ya mashindano. Tangu hapo hapana mtu mzima awezaye kusema kwa haki kuwa alifichwa. Mtazamaji ajua kuwa mshindi amepangwa, naye mwanamieleka ajua kuwa mtazamaji ajua. Basi je, huu ni uongo? Mimi nasema sivyo. Uongo humwibia mtu ukweli anaostahili kuupata. Anayesikiliza hadithi ya sungura na fisi haibiwi kitu sungura anaposema. Walakini mahali pa uongo hapakosekani hata katika maonyesho. Mshahara ulioahidiwa na usilipwe ni uongo. Mtu kuambiwa, “Vumilia, zamu yako yaja,” na hali zamu hiyo haijapangwa, ni uongo pia. Mwili ulioumia kweli huumia kweli, hata kama ushindi ulipangwa.

Sasa, kwa nini maneno yawepo kabisa? Wewe uliyesoma fasihi simulizi utajibu upesi. Unajua majigambo: shujaa hujitaja, hutaja ukoo wake na matendo yake, na wasikilizaji humjua kabla hajainua mkono. Unajua pia malumbano ya utani, ambamo pande mbili hurushiana maneno bila kuumizana. Watu wawili wanaogombana na hujui sababu ni kelele tu. Ukiijua sababu, wewe nawe wachagua upande. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, George Wagner, aliyejiita Gorgeous George, alilijua jambo hili kuliko wenzake. Aliingia ulingoni kwa joho la fahari na nywele za dhahabu, mtumishi wake akipuliza manukato, huku watu wakimzomea. Mwaka 1961 kijana wa miaka 19, Cassius Clay, ambaye baadaye aliitwa Muhammad Ali, alikutana naye Las Vegas, akaona jinsi watu walivyolipa fedha zao ili wamwone mwenye majivuno akinyamazishwa. Ali mwenyewe alisimulia kuwa alijifunza kujigamba pale. Basi maneno si pambo la pambano. Ndiyo mlango wake.

Tuirudie kampuni ndogo ya mwanafunzi wangu. Alikuwa na wanamieleka kumi na wawili na onyesho la saa mbili, yaani dakika 120. Mapambano sita ya dakika kumi na tano kila moja yalikula dakika 90. Zilibaki dakika 30 za maneno. Nani apewe?

Kishawishi cha kwanza ni kumpa anayejulikana. Kampuni ndogo aghalabu huajiri mkongwe mmoja ambaye siku zake nzuri zimepita, lakini jina lake bado lavuta watu. Ukimpa kipaza sauti, onyesho la leo hupata alama nzuri. Mwanafunzi wangu alifanya hivyo kwa miezi mingi ya mchezo, akafurahi. Kisha mkongwe akaondoka, na kampuni ikabaki bubu. Wale kumi na mmoja hawakujulikana na mtu, kwa kuwa hawakupata kusema. Alikuwa amekula mbegu akidhani ni mavuno.

Kishawishi cha pili huwajia wenye moyo mwema: kuwagawia wote sawasawa. Gawanya dakika 30 kwa watu kumi na wawili. Kila mmoja apata dakika mbili na nusu. Hapana hata mmoja ambaye watu watamkumbuka wakifika nyumbani. Usawa wa namna hii wafanana na kumwagilia shamba zima kwa kikombe kimoja: kila mche umeguswa, na kila mche umekauka. Usawa ni jambo jema, lakini usawa wa dakika si lazima uwe usawa wa haki.

Iko njia ya tatu, nayo yataka subira. Ni kutazama nani ana jambo la kusema na hajapata mahali pa kulisema, kumpa muda wa kutosha, kisha kumpa mwingine zamu yake. Mfano wake tunao. Mwaka 1995 Steve Austin aliachishwa kazi na kampuni kubwa akiwa ameumia mkono. Kampuni ndogo ya Philadelphia, iliyoitwa ECW, ilimchukua. Hakuweza bado kupigana, na kwa hesabu ya kawaida mwanamieleka asiyeweza kupigana ni hasara. Lakini mpangaji wake, Paul Heyman, alimpa kipaza sauti aseme uchungu wake. Watu wakamsikia mtu ambaye kwa miaka mingi walikuwa wamemwona tu. Katika Juni 1996, akiwa tayari katika kampuni nyingine, alishinda shindano la Mfalme wa Ulingo, na maneno aliyoyatamka usiku ule yakaandikwa juu ya fulana zilizovaliwa na watu wengi mno. ECW yenyewe ilifunga milango 2001 ikiwa na madeni. Kwa hiyo sisemi kuwa anayegawa maneno vema hutajirika. Nasema kuwa alitenda jambo ambalo faida yake ilimfikia mtu aliyepewa, na hilo latosha kuitwa jema.

Hata hivyo njia hii ya tatu haiondoi jambo gumu kuliko yote. Ili mmoja ainuke, sharti mwingine ainame. Katika mchezo ule mna nafasi ya mtu anayewekwa katika kipande cha maneno bila kupimwa: hasemi, hapati alama; kazi yake ni kusimama pale ili mwenzake apate wa kumtukana. Mwanafunzi wangu alikuwa na mtu mmoja aliyemweka katika nafasi hiyo kila juma. Nilimwuliza, “Huyu amekukosea nini?” Akacheka, akasema, “Mwalimu, huyu si mtu, ni tarakimu.”

Jibu lake lilikuwa la kweli, nami sikuweza kulikanusha. Tarakimu haina mama wala hailii usiku. Mtu hatendi dhambi kwa kuishinda tarakimu, kama vile mcheza bao hamdhulumu mtu anapokula kete. Sitaki, msomaji, udhani kuwa nawakataza vijana michezo yao. Lakini nilipokuwa nikienda nyumbani, jibu lile lilinifuata njiani na kuniuliza swali lingine: Je, wewe mwalimu, wale unaowapanga nao ni tarakimu?

Hapo nikakumbuka. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimewekwa kusimamia michezo ya kuigiza ya siku ya wazazi. Kila mwaka nilitafuta kijana mwenye sauti nzuri na ulimi mwepesi nikampa maneno mengi. Wazazi walipiga makofi, mwalimu mkuu alinipongeza, nami nikajiona hodari. Palikuwa na msichana mmoja ambaye kwa miaka yote mitatu nilimpa kazi ya mtumishi: huingia na sinia, huinama, hutoka. Hakuwahi kukosa zoezi hata moja. Mwaka wa tatu, baada ya onyesho, mama yake alikuja kunishukuru kwa kumfunza mwanawe. Aliniuliza kwa upole, “Mwalimu, kwani binti yangu hana sauti?” Nilisema sauti anayo. Sikuweza kusema zaidi, kwa kuwa kwa hakika sikuijua sauti yake. Sikuwahi kumwomba asome hata mstari mmoja. Nilikuwa nimempanga bila kumpima.

Tofauti ya mchezo na maisha ni hii. Katika mchezo, sifa za kila mtu zimekwisha kuandikwa, na mpangaji huzisoma. Katika maisha sifa hazikuandikwa mahali. Hujulikana kwa kujaribiwa. Kwa hiyo anayesema, “Nampa anayeweza,” na hajawajaribu wengine, asema tu, “Nampa niliyempa jana.” Kosa langu halikuwa kumpa mtu kazi ya sinia, kwa maana mchezo wahitaji mtumishi kama mieleka inavyohitaji mshindwa. Kosa langu lilikuwa kumpa kazi hiyo miaka mitatu bila sababu ninayoweza kumweleza yeye na mama yake.

Basi naona mpangaji ana wajibu wa namna nne kwa yule anayeinama. Kwanza, amjaribu kabla ya kumpanga. Pili, amweleze sababu ya nafasi aliyompa, kwa maana anayejua kuwa anamwinua mwenzake hufanya kazi, na asiyejua huona anadhalilishwa tu. Tatu, asimwahidi zamu asiyokusudia kumpa. Nne, amheshimu kwa kazi hiyo kama anavyomheshimu mwenye maneno mengi, kwa kuwa ukuu wa mshindi umesimama juu ya mabega ya aliyekubali kushindwa. Anayetimiza haya aweza kugawa dakika pasipo usawa na bado akawa mwenye haki. Asiyetimiza aweza kuzigawa kwa saa na kwa sekunde, na bado akawa dhalimu.

Wewe unayesoma huenda ukadhani kuwa maneno haya ni ya walimu na wenye kampuni. Sivyo. Kesho utakuwa kiranja wa darasa, au mwenyekiti wa mdahalo, au kaka mkubwa mezani, na wadogo zako watakutazama waone nani utamsikiliza. Miaka mingi mbele utaongoza ofisi, kikao cha ukoo au baraza la kijiji. Dakika zitakuwa chache sikuzote, na wenye ndimi nyepesi watakuwa karibu nawe sikuzote. Hapo ndipo utakapojulikana.

Yule msichana alimaliza shule mwaka uleule, na sikupata nafasi ya kumrudishia zamu yake. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya kugawa kazi, huwaita wote, hata wasioomba, nikamwomba kila mmoja asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kazi hii hunichukua alasiri mbili. Zamani ningesema sina alasiri mbili za kupoteza.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Lakini yuko pia asiyezaa kwa kuwa hapana aliyemwuliza ana nini. Kabla hujaamua kuwa mtu hana sauti, mwombe aseme.