Mnaotupa Watoto wa Paka Sokoni

Enyi wenye nyumba wa Kariakoo na Magomeni, wa Darajani na Ng'ambo, wa Majengo kule Mombasa, mnaomsifu paka akikamata panya na kumkana akizaa, neno hili ni lenu. Lisikieni lote, wala msimsukumie jirani.

Mmezoea vibaya. Paka jike akizaa darini au chini ya kitanda, mnangoja siku mbili tatu, kisha anaitwa mtoto wa nyumba, mtoto wenu wa kumzaa, anaambiwa awakusanye kwenye boksi au kiroba awapeleke sokoni giza likiingia. "Watue pale kwa wauza samaki, urudi upesi." Mkiulizwa, mnajibu kwa sauti ya huruma kabisa: hatukuwaua, tumewapeleka penye chakula, Mungu ndiye mlishaji.

Mmewaua. Mtoto wa paka aliyezaliwa juzi haoni. Macho yake yanafumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Hana jino la kutafunia kichwa cha samaki. Hawezi kujipasha joto. Hata haja ndogo haimtoki mpaka mama yake amlambe, na hali hiyo humchukua hadi wiki ya tatu hivi. Mmempeleka penye chakula asichoweza kula, na usiku huohuo baridi inamwahi kabla ya njaa. Mungu ndiye mlishaji, ni kweli. Na hawa alikwisha kuwapa riziki yao: ilikuwa kifuani mwa mama yao, mkawatenga nayo.

Alfajiri wanaokotwa na watu ambao hata hamwajui. Mama lishe aliyekuja kuwasha moto. Mwanafunzi anayewahi daladala. Hao hawakuombwa, hawalipwi, na tangu saa hiyo usingizi wao umekwisha. Mimba hawakuibeba, na kazi yote ya kulea ni yao.

Njooni basi muione kazi mliyowaachia. Kitoto kimoja, uzito wake hauzidi kipande cha sabuni, kimeviringishwa kanga kuukuu juu ya chupa ya maji ya moto. Ni lazima kipashwe joto kwanza, maana kikinyweshwa kikiwa cha baridi, maziwa hayasagiki tumboni. Kisha kinanyweshwa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, tone kwa tone, kikiwa kimelala kifudifudi kama kinavyonyonya kwa mama yake, kwa sababu ukikilaza chali kama mtoto wa mtu maziwa yanapita mapafuni. Maziwa yenyewe si ya ng'ombe. Hayo yanakiharisha, na kuharisha kunakikausha maji mwilini haraka. Ni ya unga, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ghali, na si kila duka linayo. Halafu pamba iliyochovywa maji ya uvuguvugu inapitishwa polepole chini ya mkia mpaka mkojo utoke. Halafu mizani ya jikoni. Gramu 10 au 15 zilizoongezeka tangu jana, moyo unatulia; zikipungua, mtu hali chakula chake. Baada ya saa mbili au tatu kazi inaanza upya, mchana na usiku.

Hapo bado ugonjwa haujaingia. Viroboto peke yao wanaweza kumnyonya mtoto wa paka damu hadi ufizi wake uwe mweupe kama karatasi. Mafua yanakuja na tongotongo linalogandisha kope. Zisipofutwa na kupakwa dawa kila siku, jicho linaoza ndani. Na yapo maradhi ya kutapika na kuhara yanayoitwa panlukopenia, yanayoweza kumaliza boksi zima ndani ya siku chache. Mlezi anawaona jioni wakicheza na uzi, asubuhi wameinamia bakuli la maji na hawanywi. Virusi vya maradhi hayo hukaa ndani ya nyumba hata mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haiviondoi. Sakafu yote na kila chombo vinataka jiki. Kwa hiyo mnapotua boksi la pili mlangoni kwa mlezi huyo usiku, bila kubisha hodi, mkakimbia, huenda mmewatia wapya katika kifo kilichomo humo ndani, au mmewaletea kifo wale aliowaponya kwa wiki nzima za mkesha.

Nawe unayejiita mwenye huruma, unayemsagia paka anayepiga chafya nusu ya parasetamoli kwa kuwa ilimfaa mwanao: acha. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja chaweza kumuua paka mzima, seuze mtoto. Huruma isiyouliza imekwisha kuzika wengi.

Wakipona, na wengine kweli wanapona, wananenepa, manyoya yanang'aa, wamepewa dawa ya minyoo, wameanza chanjo kuanzia wiki ya sita au ya nane, ndipo mnapojitokeza. Mnataka mweupe. Mnataka dume, jike hapana, atatujazia nyumba. Mnataka wa kumpa mtoto zawadi ya Idi. Mlezi akiwaomba mmalizie chanjo, inayorudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, mnaguna: kwani huyu ni ng'ombe wa maziwa? Na siku akianza kuhara, mtoto wenu anatumwa tena na kiroba, njia ileile. Mmemchukua kiumbe aliyenusurika mara moja, mkamrudisha palepale alipotolewa.

Ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka mnaijua tangu madrasa. Imo katika Bukhari, imo katika Muslim. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Mnaisimulia kama habari ya mtu wa mbali. Niambieni, kuna tofauti gani kati ya kumfungia asiyeweza kutoka na kumtupa asiyeweza kutembea? Na mnaokwenda kanisani, Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa anavyomjali mnyama wake. Tanzania Bara nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Dini zimesema, serikali imesema, na kiroba bado kinabebwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata hesabu yenu ni mbovu. Mnatupa ili paka wapungue. Huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na paka anaweza kuzaa wakati wowote wa mwaka. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba haizidi sana miezi miwili. Ukimnyang'anya watoto leo, maziwa yanakauka, na baada ya wiki moja au mbili anatafuta dume tena. Kiroba chenu kinaharakisha mimba inayofuata. Wanawake wanaolea maboksi wanalijua hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu jike mmoja wa nyumba moja huwaletea kazi mfululizo, na mwenye jike hupita akiwasalimia.

Mnasema kumfunga kizazi ni kumdhulumu. Mtazameni basi huyo jike mnayedai kumhurumia, anavyozunguka nyumba akilia, chuchu zimevimba, akichungulia kila pembe kuwatafuta wanawe mliowatoa. Upasuaji unafanywa akiwa amelala usingizi wa dawa, na kidonda hupona kwa siku kumi hivi. Hicho kilio mnampa tena na tena maisha yake yote.

Leo jioni, kabla hamjafunga milango, mwangalieni jike wenu. Akiwa ananyonyesha, mwacheni alee hadi wiki ya nane, na wiki hizo mzitumie kuwatafutia wanawe watu watakaowaweka kweli. Akishawaachisha, mpelekeni kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi; pesa zikiwa haba, changeni nyumba kwa nyumba kama mnavyochangia harusi. Mkiwakuta watoto wa paka uchochoroni peke yao, msiwabebe papo hapo, jitengeni mkangoje, kwani mara nyingi mama yao ameenda kutafuta chakula na anarudi. Na yule jirani mwenye maboksi ukumbini, mnayemcheka kwamba amegeuza nyumba zizi, mpelekeeni kopo la maziwa ya unga na chupa ya jiki, na mumshikie zamu usiku mmoja alale.