Kumwita Ndugu Mtu Usiyemjua

Wako watu wasemao kwamba kumwita mama mwanamke usiyemjua ni uongo, kwa kuwa hakukuzaa wala hakukulea. Na kumwita kaka kijana wa njiani ni kulitapanya neno lililowekwa kwa ajili ya mwana wa mama yako. Maneno haya husemwa na watu wenye elimu, tena wenye busara, kwa hiyo hayafai kupuuzwa. Maana sisi tusemao Kiswahili twayatumia majina haya tangu asubuhi hata jioni. Unguja mtu humwita mwenziwe yakhe, na asili yake ni Kiarabu, maana yake, Ewe ndugu yangu. Wanawake wa pwani huitana shoga, yaani rafiki. Dar es Salaam kondakta wa daladala humwambia abiria, Mama, sogea kidogo. Kaka, nauli yako. Na sokoni muuzaji humwita mjomba kila apitaye na mfuko. Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza, katika mji wa Nottingham, mwenye duka huweza kumwita mnunuzi asiyemjua kwa jina la bata, na Glasgow mwanamke huitwa kuku. Nayo kwao ni maneno ya upendo, wala aitwaye hakasiriki.

Basi, je, ni uongo? Mimi nasema sivyo. Uongo ni kumsadikisha mtu jambo lisilo kweli, na hakuna abiria aliyepata kushuka garini akidhani kwamba amepata mtoto mpya. Tena Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, alimwagiza kijana yule kwamba akimwonya mzee amwonye kama baba, na vijana kama ndugu, na wanawake wazee kama mama, na wanawake vijana kama dada. Na hapo akaongeza kwamba iwe kwa usafi. Angalieni, hakusema habari ya kuwaita tu, alisema habari ya kuwatendea. Nao vijana wasimamao njia panda na kumwita dada kila msichana apitaye, huku macho yao yakisema neno lingine, wamelisahau agizo lile la mwisho.

Lakini kama si uongo, yafuata kwamba ni upepo mtupu? Hapo ndipo penye shida. Kila jina la udugu lina deni ndani yake. Chukueni neno mjomba. Kwa Waluguru na Wamakonde, ambao tangu zamani ukoo wao ulihesabiwa kwa upande wa mama, mjomba hakuwa mtu wa kusalimiwa tu, bali alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Amwitaye mtu mjomba amedai kitu, hata kama anacheka. Ndiyo sababu mtu aliyeanguka na baiskeli yake hasemi, Ewe mpita njia. Husema, Ndugu yangu, nisaidie. Naye aliyeitwa hivyo, akipita bila kusimama, huona haya ambayo asingaliiona kama asingaliitwa. Neno limemfunga pasipo kuulizwa.

Watu wa Tanzania waijua habari hii kwa njia nyingine pia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno ndugu lilienea likawa la kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke. Baadaye wakubwa wengi wakawa waheshimiwa tena. Siasa nawaachia wenyewe.

Jambo lililonitia kuandika liko nyumbani mwetu. Zamani za ukoloni mpishi mwenye wajukuu aliitwa boi, hata na mtoto mdogo wa bwana wake. Jina lilikuwa la dharau na mshahara ulikuwa wa dharau, vikapatana. Leo, katika nyumba nyingi za mijini, msichana aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi huitwa dada. Ni jina zuri. Lakini tazameni: huamka kabla ya wote, hulala baada ya wote, hula jikoni peke yake, na mwezi ukiisha, akiulizia mshahara wake, huambiwa, Dada, kwani wewe si mtu wa nyumbani? Hapo jina la upendo limegeuzwa kuwa kufuli. Kwa kuwa aitwa dada, hapewi haki ya mtumishi. Na kwa kuwa si dada, hapewi haki ya dada. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya wafanyakazi wa nyumbani, uliopitishwa mwaka 2011, wataka mtu kama huyu apumzike walau saa 24 mfululizo kila juma. Ni nyumba ngapi katika mtaa wako zifanyazo hivyo?

Wengine watasema, Basi tuache kumwita dada, tumwite mfanyakazi, mambo yawe wazi. Hawasemi vibaya, walakini sikubaliani nao. Aliyeitwa boi hakuwa na neno la kumshika bwana wake; aitwaye dada analo. Aweza kusimama siku moja na kusema, Mwaniita dada. Je, dada yenu wa tumbo moja mngemlaza sakafuni? Swali hilo halina nguvu palipo na dharau tupu. Kwa hiyo mimi nataka jina libaki, na deni lake lilipwe: mshahara kwa siku yake, siku ya kupumzika, na mahali mezani.

Na liko jambo dogo kuliko hayo. Waulizeni watoto wa nyumba hizo jina la yule msichana awapikiaye uji. Wengi watajibu, Dada. Waulizeni tena, Dada nani? Watatazamana. Na yule aliyekuwapo mwaka jana, je? Naye alikuwa Dada.