Furushi Langu, Mzigo Wetu

Somo: Wagalatia 6:1-5



Wiki jana tulichanga tena bili ya hospitali. Ndugu yetu, mkulima wa nyanya hapa Rombo, alifanyiwa upasuaji na hakuwa amelipia SHA. Nilituma changu kwa M-Pesa, lakini moyoni nilinung'unika: mbona mimi nalipa na yeye halipi?

Nikafungua somo hili, nikapata shida. Mstari wa pili, Paulo anataka tubebeane mizigo. Mstari wa tano, kila mtu na furushi lake. Sasa ndugu yetu aliacha furushi lake chini, ama ni mzigo uliomshinda?

Mimi nimeajiriwa Kitengela. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nilianza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Pesa inaenda kabla sijaiona. Sijawahi kukaa chini nichague kati ya bima na unga. Yeye huchagua. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiyeajiriwa hudaiwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Na nyanya huleta pesa kwa msimu. Bei ikianguka, zinaozea shambani. Kumbe kile nilichokiita busara yangu ni mwajiri tu.

Lakini tusijidanganye upande wa pili. Wako kati yetu wanaoweza na hawalipi. Wengine husema kulipa bima ni kumtilia Mungu shaka. Yusufu alipewa ufunuo na Mungu mwenyewe, na bado aliweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Imani haikumzuia kujenga ghala. Tena, mtu akisema "Mungu atatenda," mara nyingi anayetumwa kutenda ni mama mjane anayetoa mia yake ya mwisho kwa harambee. Hiyo si imani. Ni kumwachia mwenzako furushi lako.

Basi mwenye uwezo ajiandikishe, piga *147#, na alipe. Hilo ni furushi. Asiyeweza, huo ni mzigo wetu, na tusingoje mpaka alazwe. Yule Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili mapema, akaahidi kuongeza. Hakuuliza kwanza kwa nini mtu yule alipita njia ile peke yake. Kila ushirika wa nyumbani ukitafuta familia moja tu isiyoweza na kuilipia mwaka, tutakuwa tumeanza.

Jumapili hii nitaketi na ndugu yetu. Nitaanza kwa kumwomba msamaha kwa yale niliyowaza. Ndipo tuongee juu ya mwaka ujao.

Swali la ushirika: Ni nani kati yetu tunayemhukumu kwa furushi, kumbe amelemewa na mzigo?