Simba wa Nani, Mbuzi wa Nani?

Tumeulizwa: yafaa Mmasai wa Kitengela kulipwa fedha ili awaache wanyama wa mwitu wapite katika ardhi yake? Wako wasemao kuwa wema haulipiwi. Maneno hayo ni mepesi kwa mtu wa mjini asiyekuwa na zizi, na sisi watu wa pwani tu miongoni mwao.

Mbuga ya Nairobi ilitengwa mwaka 1946. Ni kilomita za mraba 117 tu, na ina ua pande tatu. Kusini iko wazi, na huko ndiko Kitengela na nyanda za Kajiado, ambako nyumbu na punda milia huenda kulisha na kuzaa wakati wa mvua. Basi mbuga ni ya Serikali, lakini malisho ni ya watu. Ardhi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, kila mtu alipata hati yake. Hati ikaleta ua, ikaleta na mnunuzi. Nyumbu waliokaribia 30,000 mwaka 1978 hawakufika 5,000 mwaka 2011.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa ijara: mwenye ardhi alipwe kadiri ya dola 4 kwa eka kila mwaka, naye asijenge ua, asilime, wala asichimbe mawe. Fedha zilitolewa kwa mafungu matatu, karibu na kufunguliwa shule, na nyingi zikaishia katika ada za watoto. Sisi hatuoni hapo rushwa wala sadaka. Mnyama ni wa Serikali kwa sheria, na akila nyasi za mtu, mwenye nyasi ana haki yake. Mwezi wa Juni 2012 waliuawa simba sita huko baada ya kuvamia mifugo. Simba wakaliliwa sana. Mwenye mbuzi tulimsikia akililiwa na wachache.

Walakini ijara hiyo ilihesabu eka, haikuhesabu hasara. Mwenye eka 500 alipokea mara hamsini ya mwenye eka 10, na simba haulizi hati kabla ya kuingia zizini. Mchungaji asiye na ardhi aliliwa kondoo wake, asipate hata senti ya ijara. Sheria ya mwaka 2013 imeahidi fidia, nayo hukawia mno. Tena dola 4 zitamzuiaje aliyeletewa mamilioni na mnunuzi wa viwanja, na nyumbani ana mgonjwa?

Twajibu, basi, kuwa malipo yafaa. Ila yatoke katika viingilio vya mbuga, si katika ufadhili unaoweza kukatika, na liwemo fungu la mwenye mifugo asiye na hati.