Sataranji Isiyodaiwa Faida

Anayetaka kuwafundisha watoto maskini sataranji haachi kuulizwa itawasaidia nini. Mzazi anayemlipia mwanawe masomo ya kuogelea Nairobi haulizwi hivyo. Lakini mtu akienda na kete zake Kipsongo, kwenye vibanda vya pembezoni mwa Kitale katika kaunti ya Trans Nzoia, au kwenye shule yenye uhaba wa madawati huko Bungoma, wafadhili, wachungaji na hata wazazi watamtaka aonyeshe faida: alama za hesabu zipande, nidhamu ije, umaskini ukimbie. Naona madai hayo yanamkosea mtoto. Mchezo ni haki yake kabla haujawa dawa ya chochote, na dini zinazohubiriwa katika kaunti hizo mbili, zikisomwa kwa makini, zinakubali hivyo.

Tuanze na faida zenyewe, maana ndizo zinazopigiwa debe. Huko Uingereza, shule 100 zenye wanafunzi wapatao 4,000 zilishiriki katika utafiti ambapo baadhi yao walifundishwa sataranji kwa takriban mwaka mzima wa shule. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, matokeo yaliyochapishwa 2016 hayakuonyesha kwamba wamewapita wenzao katika hesabu, kusoma wala sayansi. Karibu na kwetu tuna Katwe, Kampala, ambako Robert Katende alianza kufundisha mwaka 2004, na ambako Phiona Mutesi alitoka akafika Olimpiadi ya sataranji na hatimaye akatengenezewa filamu. Ni habari ya kweli na inapendeza, ila ni habari ya msichana mmoja. Wahubiri nao hupenda kusimulia jinsi askari mdogo anavyogeuka malkia akifika mstari wa mwisho. Kwangu hayo ni mahubiri mabaya: askari wengi huliwa njiani, tena mara nyingi mwenye kete ndiye anayewatoa kafara. Sijui nani angethubutu kumweleza mtoto wa Kipsongo sehemu hiyo.

Sasa kama faida haina uhakika, kwa nini tufundishe? Amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka haimpumzishi mwenye shamba peke yake. Inamtaja mtumwa, mgeni, hata mnyama wa kazi. Wala haisemi wapumzike ili Jumatatu walime zaidi. Nabii Zekaria, akiueleza mji wa Yerusalemu utakaporejeshwa, anawaweka wazee na mikongojo yao, kisha anazijaza njia zake watoto wanaocheza. Hasemi wanajifunza nini. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la taifa, na palizi na mavuno huwahitaji hata wenye mikono midogo. Kwa watoto hao, saa moja isiyodaiwa kitu si anasa. Hata sheria inakubali: Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo katika kifungu cha 31.

Atatokea wa kusema njaa kwanza. Ana haki kusema hivyo, na Katwe inamuunga mkono, kwa kuwa Mutesi alivutwa kwanza na uji uliokuwa ukigawiwa pale. Lakini waliompa uji hawakumwambia ashibe mwaka mzima ndipo aguse kete. Vyote viwili vilikuwa chini ya paa moja. Anayetenga tumbo na akili, cha tumbo leo na cha akili siku isiyojulikana, huwa anawapangia watoto wa wengine.

Pingamizi zito zaidi ni la dhamiri. Bungoma ni ngome ya Kanisa la Marafiki, Quaker kama wengi wanavyowaita, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambao kwa karne nyingi wamekataa vita. Je, watoto wa kaunti iliyoshuhudia umwagaji damu wa Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 wafundishwe kumzingira mfalme? Tazama kinachotokea ubaoni. Ukigusa kete yako, sharti uicheze. Ukiwa na malkia na ngome mbili, na adui amebaki na mfalme pekee, kisha kwa pupa ukamfungia kila njia bila kumshambulia, mchezo umekwisha sare. Nguvu zote zile hazikukupa ushindi. Sidai kwamba hilo linaleta amani, maana nitakuwa nimerudi kwenye biashara ya faida. Nasema tu kwamba vita havina kanuni kama hizo. Waislamu wa madhehebu ya Shafii, kwa upande wao, huiona sataranji kuwa makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, si haramu, mradi pasiwe na kamari wala kupitisha swala. Masharti hayo hata mwalimu Mkristo angeweza kuyachukua.

Makanisa nayo yana kishawishi cha kuufanya mchezo chambo. Kanisa linalohubiri neema, yaani kitu kisicholipiwa, halipaswi kumpa mtoto ubao huku likihesabu waliookoka. Anayetoa ili arudishiwe amekopesha.

Tofauti kati ya mchezo wa faida na mchezo wa haki inaonekana pale mwalimu anapokuwa na mbao tatu na watoto ishirini. Mwenye kutafuta medali atawakalisha hodari mbele kila Jumamosi na wengine watageuka watazamaji. Anayeamini kwamba mchezo ni haki atawapa zamu, pamoja na yule anayeshindwa kila wiki na bado anakuja.