Mama Akishamaliza Kuzaa, Nani Humuuliza?

Juni na Julai, baridi ya Ufipa haina mzaha. Hata hivyo, pale Laela, kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma, wapo kina mama wa miaka hamsini na kitu wanaoamka usiku wa manane wamelowa jasho. Mama hutupa blanketi, na muda si mrefu anatetemeka. Usingizi umekwisha, na kukipambazuka shamba na wajukuu vinamngoja.

Alipokuwa mjamzito alikuwa na kadi ya kliniki na tarehe ya kurudi. Baada ya kujifungua alifuatiliwa, mtoto akapimwa uzito, naye akashauriwa juu ya uzazi wa mpango. Akifikisha miaka 60, Sera ya Taifa ya Wazee itamtambua kuwa mzee anayestahili kuangaliwa. Lakini hedhi kwa wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Hapo katikati ipo miaka ambayo mama si mzazi tena na bado si mzee, na hakuna siku ya kliniki iliyowekwa kwa ajili yake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ni kana kwamba tulikuwa tukilitunza tumbo lake, si yeye.

Kukoma hedhi si ugonjwa, na wengi hukivuka kipindi hicho salama. Ila homoni ya estrojeni inapopungua, joto la ghafla na kukosa usingizi humchosha mtu, na hatari ya sonona huongezeka, hasa kwa aliyewahi kuugua. Mara nyingi ndio wakati anapouguza wazazi, au anazika mume, au watoto wametawanyika mijini. Si haki kuita kila huzuni ugonjwa. Si haki pia kumwambia, "Mama, huo ni umri tu," na kumrudisha nyumbani.

Naye hatakuja akisema ana sonona. Atasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, ana mawazo. Ndiyo maana naamini huduma ya akili imkute pale pale anapopimwa presha. Mlango wenye kibao cha afya ya akili, katika mji mdogo ambao watu wanajuana, wachache watathubutu kuuingia mchana kweupe. Wazo hili si geni kwetu: miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu kuingiza huduma za akili katika zahanati na vituo vya afya vya Morogoro na Kilimanjaro. Hatua ya kwanza ni maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Mambo uliyoyapenda bado yanakupa raha?

Wapo watakaosema foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Ni kweli, na ukweli huo usidharauliwe. Lakini mwaka 2006, huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na kina bibi 14, akawafundisha kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozungumza nao walipungukiwa dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ufipa ina wanawake wa aina hiyo katika vikundi vya kukopeshana, kwenye kwaya na misibani. Wakifundishwa, wakasimamiwa na muuguzi, na wakajua kutunza siri, mama atapata msikilizaji, na aliyezidiwa atapelekwa kwa daktari mapema.

Muuguzi kijana akimwona mama huyo humwamkia, "Shikamoo, mama." Malezi yake ni mazuri. Naomba heshima hiyo isiishie kwenye salamu, bali ifike hadi kwenye swali la pili, na muda wa kungoja jibu. Mwanamke huyu ameilisha na kuilea nchi. Anastahili kutibiwa kwa ukamilifu, mwili na akili pamoja, kwa sababu ni mtu, hata kama hatazaa tena.