JUMANNE: Jirani wa Bondeni

Soma Ezekieli 34:18, 19 na Walawi 5:17. Je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa madhara asiyoyaona?

Kondoo wanene wa Ezekieli walikunywa maji safi, kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao. Kosa lao si kunywa, bali kutowajali wanaokunywa baada yao.

Kariakoo ina maduka mengi ya dawa, na bonde la Jangwani liko jirani. Humo hupita Mto Msimbazi, kutoka vilima vya Pugu hadi Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Bondeni watu hulima mchicha. Mdomoni mwa mto kuna mikoko.

Fikiria mwenye duka ambaye maboksi yake ya antibiotiki yamepitwa na muda. Utaratibu unamtaka atoe taarifa TMDA ili dawa ziteketezwe kwa gharama yake. Choo cha nyuma hakidai hata senti. Nani ataona?

Maji hayatabadilika rangi. Lakini hata kiasi kidogo cha dawa huwazoeza vimelea kuistahimili, na siku mtoto akiugua, dawa ile ile isimsaidie. Kuanzia mwaka 2001, watafiti nchini Kanada walitia katika ziwa dogo homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kiasi kidogo mno. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo.

Mwenye duka aweza kujitetea: “Mto umeshachafuka, boksi langu litaongeza nini?” Walawi haipimi hatia kwa ukubwa wa madhara, wala haimwachi aliyekosa bila kujua. Naye aliyekwisha kujua ana jukumu zaidi (Yakobo 4:17).

Hata hivyo, mzigo haulingani. Mgonjwa anayemeza dawa aliyoandikiwa naye huacha mabaki yake majini, lakini kutibiwa si dhambi. Yeye ni kondoo anayekunywa. Wajibu wake ni kutonunua dawa bila cheti, kumaliza dozi, na kuuliza zahanati zinazobaki zipelekwe wapi. Anayeuza kwa maboksi amepewa uwakili mkubwa zaidi.

Maswali ya kujadili:

1. Jirani yako wa bondeni ni nani, naye hupokea nini kutoka nyumbani kwako?

2. Muumini afanye nini ikiwa kutenda haki kutamla faida ya mwezi mzima? Kanisa limsaidieje?